Namba inasema 65, jicho linasema gemu imekwama

Swali: Shikamoo fundi. Niko Morogoro, mwaka wa pili chuoni. Nilinunua kompyuta iliyotumika, zile zinazotoka maofisini Ulaya: prosesa i5-6500, ram GB 8, hadidiski ya TB 1, Windows 10. Nikaongeza kadi ya grafiki GTX 1650 ya GB 4, ile isiyo na waya wa umeme wa ziada. Nikicheza GTA V, namba ya pembeni inasoma FPS 60 hadi 70, lakini gari likishika kasi picha inashtukashtuka, na baada ya kama nusu saa hali inakuwa mbaya zaidi. Muuzaji anasema kadi yangu ni ndogo, nichukue RTX 3060. Nimeshakusanya nusu ya pesa. Ninunue?

Marahaba, mdogo wangu. Usinunue. RTX 3060 inakula wati 170 na inataka waya wake wa umeme kutoka kwenye pawa saplai. Kompyuta nyingi za ofisini za kizazi hicho zina pawa saplai ya wati 240 hivi, na waya huo hazina kabisa. GTX 1650 yako ilikubali kwa sababu inaridhika na wati 75 zinazopita kwenye tundu lenyewe la ubao mama. Ungefika nyumbani na kadi yenye bei ya kompyuta nzima ukakosa pa kuichomeka. Na hata ingewaka, kwa dalili ulizonieleza gemu ingeendelea kushtuka vilevile, pengine kuzidi, na nitakuonyesha kwa nini.

Hiyo namba ya pembeni ndiyo inayokupoteza wewe na muuzaji wako. FPS ni idadi ya fremu, yaani picha moja moja zinazounda mwendo, zilizopita ndani ya sekunde nzima, na jicho halitazami kwa sekunde. Linatazama fremu hii, kisha hii, kisha ile. Ili zipatikane 60 kwa sekunde, kila fremu inatakiwa ikamilike ndani ya milisekunde 16.7. Sasa chukua sekunde moja ambayo fremu 58 zilitoka kwa milisekunde 14 kila moja, halafu mbili zikachukua milisekunde 94 kila moja. Jumlisha: 812 na 188, unapata milisekunde 1,000 kamili. Kihesabio kitaandika 60 na kila mtu ataridhika, isipokuwa wewe uliye nyuma ya usukani, uliyeona picha ikisimama mara mbili. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, kila msimamo wa milisekunde 94 ni zaidi ya mita 2 na nusu za barabara ambazo hukuziona.

Kwa miaka mingi hata wapimaji wa kadi walikuwa wakitoa wastani huo na kuishia hapo. Septemba 2011 Mmarekani Scott Wasson wa jarida la mtandaoni la Tech Report aliandika makala iliyowataka watu waingie ndani ya sekunde na kupima muda wa kila fremu. Wapimaji wengi makini wakaifuata njia hiyo. Ndiyo maana leo ukisoma vipimo vya kadi unakuta namba mbili: wastani, na ile ya asilimia 1 ya chini, yaani kasi ya gemu kwenye zile fremu zilizochelewa kuliko zote. Wastani wa 65 na asilimia 1 ya 50 ni gemu laini. Wastani wa 65 na asilimia 1 ya 18 ni mateso, na nadhani ndiyo hali yako.

Kwa hiyo kabla hujafungua pochi wala bisibisi, pima. Weka programu ya kupimia ya MSI Afterburner pamoja na RivaTuner inayokuja nayo. Zote ni za bure. Kwenye mipangilio, ukurasa wa Monitoring, chagua vitu vitakavyoonekana juu ya gemu. Cha kwanza ni Frametime, yaani muda wa kila fremu, na ukiweke kama mchoro, si namba. Vingine ni matumizi ya prosesa kwa kila kiini peke yake, joto na kasi ya prosesa, matumizi na kumbukumbu ya kadi, na ram. Mchoro ukinyooka kama uzi wa fundi mwashi, gemu iko sawa. Ukitoa mwiba, macho yahamie haraka kwenye vile vingine uone nani alikuwa amejaa wakati ule.

Kisha chagua njia moja ndani ya gemu, kwa mfano kutoka katikati ya mji hadi uwanja wa ndege, gari lilelile, dakika 5. Pita mara mbili na uandike kwenye daftari. Hiyo ndiyo mizani yako. Ukibadilisha kitu, badilisha kimoja tu, upite tena njia ileile. Najua inachosha. Lakini watu huniletea mashine ambazo wamebadilisha mambo kumi kwa usiku mmoja kwa kufuata video, gemu imekuwa mbaya kuliko mwanzo, na hawajui warudi wapi. Hapo inabidi nianze kwa kutengua kazi ya mtu badala ya kutafuta ugonjwa.

Miiba yenyewe ina tabia, na tabia hiyo husema mengi kabla hujafungua kasha. Mwiba unaokuja kwa mdundo, kila sekunde tano au kumi bila kujali unafanya nini, mara nyingi unatoka kwenye programu ya nyuma: ya kusoma vipimo, ya kuwasha taa za rangi, antivairasi, au Windows inayopakua masasisho yake. Mwiba unaotokea mara ya kwanza unapofika mahali au kufyatua silaha mpya, na mara ya pili usionekane, ni wa sheda, zile programu ndogo za kadi zinazochora mwanga na vivuli, ambazo gemu nyingi mpya huziandaa ukiwa tayari unacheza. Huo hupungua wenyewe ukiendelea kucheza, na hurudi kwa siku moja hivi ukisasisha draiva, programu inayoendesha kadi. Mwiba wa kugeuza kamera ghafla kwenye mji uliojaa ni dalili ya kumbukumbu ya kadi kufurika. Wa kwako una sura mbili, wa mwendo kasi na wa baada ya nusu saa, nami nadhani ni magonjwa mawili yanayokaa nyumba moja.

Tuanze na ule wa mwendo kasi.

i5-6500 ilitoka mwaka 2015 ikiwa na viini vinne, kila kimoja na uzi mmoja wa kazi. GTA V ya kompyuta ilitoka mwaka huohuo, na kwa prosesa za nyuzi nne ina tabia inayojulikana sana. Kadi ikiwa na nguvu ya kutosha, gemu inataka kutoa fremu nyingi kadiri inavyoweza. Viini vyote vinne vinajaa asilimia 100, na kazi za pembeni zinabaki bila nafasi: kuleta mitaa mipya mbele ya gari, kuendesha magari mengine, sauti, na Windows yenyewe. Zinasubiri foleni, halafu zinajiingiza kwa pamoja, na fremu moja inalipa gharama yote. Ndiyo sababu hukwami ukitembea kwa miguu, unakwama ukikimbiza gari. Na ndiyo sababu kadi kubwa ingezidisha ubaya, kwa kuwa ingeidai prosesa ileile fremu nyingi zaidi.

Dawa yake ni kupunguza fremu. Fungua RivaTuner, kwenye Framerate limit andika 60, pita njia yako, utazame viini. Vikiendelea kugonga 100, punguza kwanza mzigo wa prosesa ndani ya gemu: wingi wa watu na magari, aina zake, na umbali wa kuonyesha vitu. Hizi ndizo zinazoibebesha prosesa mzigo. Watu wengi hupunguza ubora wa picha, wakapunguzia kadi kazi ambayo haikuwa imelalamika, halafu wanashangaa mbona hakuna kilichobadilika. Ukitaka uhakika wa nani anachelewesha, shusha picha hadi 1280 kwa 720 kwa dakika moja. Miiba ikibaki ilivyo, kadi haina kosa.

Kuna jambo la skrini hapa ambalo ni rahisi kulipuuza. Kama monita yako ni ya Hz 60 ya kawaida, inabadilisha picha kila milisekunde 16.7, iwe fremu mpya ipo au haipo. Ukiweka kikomo cha 40 ukidhani 40 ni zaidi ya 30 hivyo ni bora, fremu moja itakaa skrinini kwa mzunguko mmoja, inayofuata mizunguko miwili, kisha mmoja, kisha miwili. Jicho litaona mwendo wa kuchechemea hata kama kompyuta haikukosea mahali popote. Kwa monita ya namna hiyo chagua 60 na uwashe V-Sync, inayofanya fremu zisubiri mzunguko wa skrini, na mashine isipoweza kabisa, 30. Inayoruhusu kubadilisha mwendo wake, zile zenye FreeSync, haina shida hiyo. GTX 1650 inaiweza FreeSync kupitia waya wa DisplayPort, hata kama kisanduku cha monita kimeandikwa AMD, kampuni pinzani ya Nvidia iliyotengeneza kadi yako.

Sasa ram. Hukuniambia GB 8 zako ni kipande kimoja au viwili. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, fungua Performance, kisha Memory, usome mstari wa Slots used. Mstari huo ukiandika 1, umepata mtuhumiwa mkubwa. Prosesa hii ina njia mbili za kufikia ram, na kipande kimoja kinatumia moja tu. Ram ya aina ya DDR4 yenye kasi ya 2133 kwenye njia moja inapitisha kama GB 17 kwa sekunde. Kwenye mbili, GB 34. Wastani wa FPS unaweza usipande sana, lakini ile asilimia 1 ya chini hupanda, na hiyo ndiyo unayoitafuta.

Halafu kuna ukubwa wenyewe. Windows na kivinjari chenye kurasa chache tayari vimekula GB 3 au 4. GTA V ikichukua zake, ram inajaa, na Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye hadidiski na kuvirudisha vikihitajika. Baada ya nusu saa ya kuzunguka ramani, uhamishaji huo unakuwa wa kila dakika. Ongeza kipande cha pili cha GB 8 na matatizo mawili yanaondoka kwa pamoja. Usilipie kasi ya 3200, kwa sababu ubao wako utaishusha hadi 2133, hata ya 2400 iliyotumika inatosha. Ila fungua kasha kwanza usome maandishi ya kipande ulichonacho. Kizazi hiki kiliwahi kutengenezwa pia na mbao zinazotumia aina nyingine ya ram, DDR3L, na DDR4 haiingii kwenye tundu la DDR3L. Vipande viwili vinavyotaka kufanya kazi kwa njia mbili huwekwa kwenye matundu maalumu, mara nyingi yenye rangi moja. Ukimaliza, fungua programu ya CPU-Z, ukurasa wa Memory, uhakikishe imeandika Dual.

Na tafadhali, usizime faili la kumbukumbu la Windows kwenye diski, wala usiweke zile programu za kusafisha ram. Zinafukuza vitu ambavyo gemu itavihitaji baada ya sekunde mbili, kisha gemu inalazimika kuvisoma upya kutoka kwenye diski.

Diski nayo inastahili hesabu yake. Kama ni ile ya mizunguko 7,200 kwa dakika, sahani inazunguka mara moja kwa milisekunde 8.3. Kwa wastani kichwa kinasubiri nusu mzunguko ili data ifike chini yake, milisekunde 4.2, na kabla ya hapo kimetumia 8 au 9 kusogea hadi kwenye mstari wake. Kuchukua kipande kimoja tu cha data ni kama milisekunde 12 au 13, na fremu yako nzima ilikuwa na 16.7. SSD ya kawaida ya SATA, diski isiyo na sahani inayozunguka, inafanya kazi hiyohiyo kwa kama sehemu ya kumi ya milisekunde. Watengenezaji wa gemu hujitahidi kusoma mbele mapema ili fremu isisubiri diski, na ukitembea kwa miguu wanafaulu. Ukishika kasi ya gari la mashindano, mitaa inaisha kabla diski haijaleta mingine. Tazama Task Manager ukiwa unaendesha. Disk ikisimama 100 wakati wa miiba, huhitaji ushahidi mwingine.

Kwa diski iliyotoka ofisini ongeza kipimo kimoja zaidi. CrystalDiskInfo, ya bure, itakuonyesha saa ilizofanya kazi na afya yake. Ukiona Caution, au namba zinazopanda kwenye sekta zilizohamishwa na zinazosubiri, kuna maeneo ya sahani yaliyokufa. Diski inaposoma hapo inajaribu tena na tena, na gemu inaganda kwa sekunde nzima au mbili, siyo kushtuka tu. Diski ya hivyo nakili kazi zako za chuo leo hii, kabla ya jambo lingine lolote. Gemu inaweza kupakuliwa upya, ripoti yako ya mafunzo haiwezi.

Twende kwenye ile nusu saa. Tatizo linalokua na muda lina watuhumiwa wawili, ram iliyojaa, ambayo tumeimaliza, na joto.

Kompyuta ya ofisini ilibuniwa kwa chumba chenye kiyoyozi na mtu anayeandika barua. Wewe umeiweka Morogoro, ukaipa kadi inayotema wati 75 za joto ndani ya kasha lenye feni moja, na huenda vumbi la miaka mitano ya zulia la Ulaya bado liko kwenye mapezi ya kipozeo. Kikomo cha prosesa hii ni nyuzi joto 100, na ikifika hapo inajipunguzia kasi ili isiungue. Hapo gemu iliyokuwa imebakiwa na nafasi kidogo inakosa kabisa. Inapopoa inapanda tena, kisha inashuka tena, na mchoro wako unakuwa kama msumeno.

Kipimo chake hakina gharama yoyote. Fungua ubavu wa kasha, elekeza feni ya mezani ndani, ucheze saa nzima. Miiba ya nusu saa isipotokea, umeshapata jibu. Ukitaka namba, weka programu ya HWiNFO uangalie mistari ya Thermal Throttling: ikiandika Yes, prosesa imejipunguzia.

Kusafisha kunataka utulivu. Zima, chomoa waya ukutani, shika feni kwa kidole ili isizunguke unapopuliza, maana upepo mkali unaweza kuizungusha kupita uwezo wa beringi zake. Tumia brashi laini na kipulizio, toka nje, funga pua. Kisha ng'oa kipozeo cha prosesa. Pesti ya miaka hiyo huwa imekauka kama udongo wa kiangazi. Ifute kwa kitambaa kisicho na nyuzi na alkoholi ya isopropili, weka mpya yenye ukubwa wa punje ya njegere katikati, rudisha kipozeo ukikaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo. Nimewahi kupokea mashine iliyopakwa dawa ya meno kwa ushauri wa mtu. Siku ya kwanza ilipoza vizuri, maji yake yakakauka, na mwenye mashine akarudi kwenye joto lilelile akiwa haelewi kwa nini. Pesti halisi haigharimu kiasi cha kukulazimisha ufanye hivyo.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, ila nalitaja kwa sababu gemu hii inahusika. Kama nakala yako ya GTA V ilitoka kwenye flashi ya rafiki na hukuilipia, soma hapa kwa makini. Juni 2021 kampuni ya usalama ya Avast ilitoa taarifa ya kirusi ilichokiita Crackonosh, kilichofichwa ndani ya nakala za wizi za gemu kadhaa, GTA V ikiwamo. Kilizima antivairasi na masasisho ya Windows, kisha kikatumia prosesa ya mwathirika kuchimba sarafu ya kidijitali ya Monero. Avast ilihesabu kompyuta zaidi ya 222,000 zilizoambukizwa duniani. Prosesa ya nyuzi nne inayochimba sarafu ya mtu mwingine haiwezi kukupa gemu laini hata ungeifanyia nini. Iache kompyuta dakika kumi bila kugusa kitu. Prosesa ikiwa na kazi kubwa na hujafungua programu yoyote, na ukigundua Windows Defender haiwashiki, futa diski nzima uweke Windows safi. Usihangaike kukitoa kirusi hicho kimoja kimoja.

Mambo madogo nitayapita haraka. Zima kurekodi kwa nyuma kwa Xbox Game Bar, maana kwa mashine yako hiyo ni kazi ya bure inayokula prosesa. Hakikisha kadi iko kwenye tundu lenye njia 16 kamili, kwa kuwa mashine nyingine za ofisini zina tundu la pili linalofanana kwa urefu lakini lina njia nne tu ndani. Programu ya GPU-Z itakuambia. Tekscha za gemu, zile picha zinazovishwa kuta, barabara na magari, ziweke kwa kiwango kinachobaki chini ya GB 4. Zikizidi, ziada hupita kwenye tundu hilo la kadi kwa kama GB 16 kwa sekunde, wakati kumbukumbu ya kadi yenyewe inapitisha GB 128 au zaidi. Na ukicheza mtandaoni, usichanganye kukwama na ucheleweshaji wa intaneti. Intaneti ikisuasua, kamera yako inageuka laini na mchoro umenyooka, ila wachezaji wengine wanarukaruka. Hiyo haitibiwi kwa ram wala kwa kadi.

Sasa pesa zako. Wiki hii usitumie pesa zaidi ya ile ya pesti na vifaa vya kusafishia: kikomo cha 60, kupunguza wingi wa watu na umbali, kusafisha na pesti. Pita njia yako, andika. Kisha nunua kipande cha pili cha ram, upite tena. Kisha SSD ya GB 480 au 500, uhamishie Windows na gemu, ile diski ibaki kwa filamu na masomo kama bado ni nzima. Vyote viwili havitafika hata karibu na bei ya RTX 3060. Na kwa kuwa SSD utaweza kuihamishia kwenye mashine ijayo, hiyo si pesa iliyopotea. Hiyo mashine ijayo ianze kuifikiria: Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na i5-6500 haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa rasmi na Windows 11. Nusu ya pesa uliyokusanya ina kazi nzuri zaidi huko.

Ukimaliza yote hayo na bado viini vinne vinagonga 100 kwenye gemu nyingine mpya, kuna hatua moja ya uhakika ambayo ubao huu unairuhusu, i7-6700 iliyotumika. Viini ni vinne vilevile lakini nyuzi nane, inakula wati 65 kama yako, na nyingi za mashine hizi ziliuzwa pia zikiwa nayo, kwa hiyo kipozeo kinaimudu, na BIOS, programu ya kuwashia iliyo ndani ya ubao, inaifahamu. Usichukue yenye herufi K mwishoni, inataka wati 91 na kipozeo chako hakitaiweza. Na muuzaji akikuletea i5-8400 au i7-8700 akisema inaingia, mwambie asante na umrudishie. Ni kweli itaingia, kwa sababu tundu linaitwa 1151 na umbo ni lilelile, lakini ubao wa kizazi chako hautaiwasha.